Yai la Fundi Madoa

Mtu mwenyewe mnamjua, au mnamjua aliyefanana naye. Mwembamba, shingo ndefu, miwani imefungwa uzi, na mkunjo katikati ya nyusi kwa kuchungulia vitu vidogo miaka nenda miaka rudi. Walimwita Fundi Madoa, na kazi yake ilikuwa kutoa madoa kwenye sarafu za kale. Msicheke. Kuna watu wanakusanya sarafu kama wengine wanavyokusanya habari za majirani, na sarafu hizo zina mahakimu wake: wapima daraja, watu wa mbali wanaoipokea sarafu yako kwa posta, wakaiweka chini ya taa, wakaikagua uso na kisogo, wakaipa daraja, kisha wakaifungia ndani ya kibweta cha plastiki kisichofunguka mpaka kivunjwe. Mnunuzi wa maana hanunui sarafu ambayo haijapita mikononi mwao.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja chembamba, kimebanwa kati ya fundi viatu na muuza betri za saa. Mezani palikuwa na taa ya shingo ya kupinda, lenzi, bakuli za glasi, chupa ya asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, dumu la maji ya betri, yale yaliyochujwa, si tindikali, na taulo nene lililokunjwa, ili sarafu ikimponyoka iangukie pahala laini. Ukimpelekea sarafu, kabla hujakaa, anakuanzia mahubiri.

"Sarafu haisuguliwi! Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa pindo la shati lako. Uchafu unalowekwa, unaachia wenyewe. Usipoachia, basi huo si uchafu, ni ngozi yake, iache. Ukisugua umeiua!"

Watu wazima na akili zao walikuwa wakiapa mbele yake, mkono juu, kwamba hawatasugua tena. Kuna mzee alikiri kwamba alitumia limau. Loo! Alitimuliwa na kimfuko chake, akarudi kesho yake kuomba radhi, akapokewa kwa shida.

Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Kwao walimwita Bomoa tangu anatambaa, kwa sababu kila alichoshika kilikwenda chini: vikombe, taa ya chemli, sahani za wageni, hata mashine ya kushonea ya mama yake aliwahi kuiangusha kutoka juu ya meza, na mpaka leo hakuna anayeelewa aliwezaje. Mwenyewe aliligeuza mzaha. "Mimi mikono yangu mizito," alikuwa akisema, "lakini nimeolewa na mikono myepesi, tumegawana." Anacheka, na wewe unacheka. Lakini akiwa kwao hashiki kikombe ila kwa mikono miwili, na mama yake, akisikia tu sauti yake mlangoni, bado anaondoa mezani kila cha kuvunjika.

Sasa mama huyo, mama mkwe wa Fundi, alikuwa na sarafu moja ya fedha, pana kuliko kifuniko cha soda, upande mmoja kichwa cha mwanamke mwenye taji, upande wa pili jogoo. Marehemu mumewe alizawadiwa na tajiri wake siku aliyostaafu udereva, naye akamwachia mkewe kwa neno moja tu: ukipatwa na shida, uza. Shida ikaja, na ilikuwa ya magoti. Choo cha nyumba ile kilikuwa ng'ambo ya ua, na mvua ikinyesha ua wote ni utelezi mtupu. Bibi wa watu alikuwa ameshaanguka mara moja, akakaa chini kwenye matope mpaka jirani alipomsikia. Alitaka choo cha ndani, mlango kwa mlango na chumba chake cha kulala, basi, hakuwa na tamaa nyingine duniani. Mnunuzi alipatikana, bwana mmoja mkusanyaji, lakini akaweka sharti: kwanza ikapimwe daraja.

Dada mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, alitaka ipelekwe kwa fundi mwingine kabisa ikasafishwe. Bomoa akaomba.

"Mama, nipe mimi. Mume wangu ndiye fundi, mnazunguka mnatafuta nini?"

Mama akamtazama mikono. "Wewe?"

"Naibeba ndani ya pamba, ndani ya kopo, ndani ya mkoba. Ikidhurika, niitwe Bomoa mpaka kaburini."

Wakacheka wote, na mama akampa. Aliibeba njia nzima kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni, hasalimii mtu, hageuki akiitwa. Alipoiweka mezani kwa mumewe salama salimini, alipiga vigelegele peke yake mle kibandani mpaka fundi viatu akaja kuchungulia nani anaoa.

"Umeiona?" akamwambia mumewe. "Haina hata mkwaruzo. Mimi! Mimi nimeibeba!"

Fundi akaichukua kwa ukingo, akaiweka chini ya lenzi. Palikuwa na utandu wa hapa na pale, si kitu. Ila shavuni pa yule mwanamke mwenye taji palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya ufuta. Akaloweka. Utandu ukaachia wote, doa limekaa. Akabadilisha asetoni, akaloweka tena, akasuuza kwa maji ya betri. Doa limekaa. Akasubiri mpaka kesho yake, akarudi, doa limekaa linamtazama.

Hapo ndipo pa kusimama, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Angeituma na doa lake, wapimaji wangeishusha kidogo, mnunuzi angeinunua hivyo hivyo, na choo kingejengwa. Lakini kumbukeni kuna mama mkwe hapa. Siku moja kabla, alikuwa amempigia simu kwa ile sauti yake ya upole: "Mkwe wangu, hilo doa litatoka kweli?" Naye Fundi, badala ya kusema nitajaribu, akajibu kwa sauti ya kifuani: "Mama, hilo? Hesabu limeshatoka." Kiherehere cha mwanamume mbele ya mama mkwe mnakijua wenyewe. Sasa angempigiaje tena amwambie limemshinda?

Akachukua kijiti cha meno. Akakitafuna ncha kuilainisha, akajiambia, nagusa tu. Akagusa. Akagusa tena. Bila kujijua alikuwa anasugua, tena anasugua kwa hamaki, yeye mwenye mahubiri. Doa likatoka. Likatoka pamoja na ngozi, na mahali pake pakabaki peupe, pamechanjwachanjwa, panameta peke yake katika uso mzima.

"Mungu wangu," akasema. "Nimefanya nini?"

Alikaa akiitazama mpaka shingo ikamuuma, na alichokiona si yule mwanamke mwenye taji, ni mkewe akipiga vigelegele.

Kuna ujanja mmoja ambao mafundi wa sarafu hawautaji hadharani. Ukilikata yai la kuchemsha, ukalifungia kwenye kopo pamoja na fedha, mvuke wa yai unaipaka ile fedha rangi, kahawia inayoingia kwenye buluu, kama sarafu iliyozeekea kabatini. Ni udanganyifu, na Fundi alikuwa ameshawafukuza watu kwa kuuliza tu unafanywaje. Mchana ule akafunga kibanda, akaenda nyumbani.

"Nichemshie yai," akamwambia mkewe.

"Yai?" Bomoa akaacha alichokuwa akifanya. Ni lazima mwelewe: mtu huyu hali mayai. Hata kipande cha keki anauliza kwanza kimewekwa nini. "Una nini leo, mume wangu? Una mimba?"

"Nimelitamani tu."

"Haya. Makubwa."

Akamchemshia. Fundi akasema atalila kazini, akalitia kwenye karatasi, akaondoka nalo, na mkewe akasimama mlangoni akimsindikiza kwa macho. Alasiri yote kibanda kilinuka mpaka fundi viatu akauliza kwa sauti, toka upande wa pili wa ukuta, ni nani mwenye tumbo baya. Jioni Bomoa alipita ili warudi nyumbani pamoja. Akasimama kizingitini, pua ikacheza, akalitazama kopo lililofungwa juu ya meza, akamtazama mumewe. Akamwambia, twende. Fundi akashusha pumzi, akaona ameokoka.

Kesho yake alipoitoa sarafu koponi, hata yeye mwenyewe ilimbidi apatafute pale pahala. Akaifunga vizuri, akaituma.

Iliporudi ilikuja kwa jina la mama mkwe, kwa hiyo wote wakaitwa sebuleni kwake. Mama kwenye kiti chake, mkongojo umeegemea ukuta. Dada mkubwa na mkasi wa kufungulia. Fundi kwenye kochi, na Bomoa pembeni yake na kikombe cha chai mikononi. Dada mkubwa akakata kamba, akatoa kibweta, akasoma kibandiko kwa sauti, na kila neno sauti ikawa inashuka.

"Halisi. Imesuguliwa. Rangi imetengenezwa. Haina daraja."

Walimpigia mnunuzi palepale. Yule bwana hakuwa na maneno mengi, aliwashukuru, akawaaga.

"Imesuguliwa maana yake nini, mkwe wangu?" mama akauliza.

Fundi aliufungua mdomo aseme ni mimi. Wallahi aliufungua kwa nia hiyo. Yaliyotoka yakawa mengine.

"Mama, sarafu hizi za zamani... pengine mtu aliwahi kuisugua. Hapa nyumbani. Kwa majivu, labda. Halafu ikajifunika weusi, mtu asijue. Inatokea."

"Mtu gani?"

Fundi hakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu katika nyumba ile macho yalikuwa na njia yake, na yakaenda yote kwa Bomoa.

Bomoa akaweka kikombe chini, taratibu, kikatulia kwenye kisahani chake. Akamgeukia mumewe. Hakuwa na hasira usoni, alimtazama tu kama anavyotazama chungu jikoni kujua kimeiva au bado. Fundi akalitazama zulia.

"Ni mimi, mama," Bomoa akasema. Alisema polepole, neno moja moja. "Nilipokuwa mdogo. Niliisugua kwa majivu. Nilitaka ing'ae."

"Si nilisema!" Dada mkubwa akapiga makofi. "Huyu hata vilivyofungiwa kabatini anavifikia! Bomoa wewe, Bomoa!"

Mama hakucheka. Alikuwa akimtazama Fundi. "Na wewe, mkwe wangu? Huna neno?"

"Pole, mama," Fundi akasema.

Njiani, mbele ya duka la vioo Fundi alijiona anapita, shingo ndefu, akaona haya kujitazama. Na bado, mwoneni mtu huyu, bado alikuwa anatafuta upenyo. Huenda ni kweli, akajiambia. Huenda kweli aliisugua utotoni, na mimi nilikuta imeshaharibika. Akaishika fikra hiyo kwa nguvu mpaka wakafika kwao.

"Mke wangu," akasema mlangoni. "Kweli uliwahi kuisugua ile sarafu?"

Bomoa akampita. Akaingia jikoni. Fundi akasikia sufuria, maji, kiberiti. Akakaa mezani akisubiri, maana hakujua afanye nini kingine. Mkewe akatoka na sahani, akaiweka mbele yake. Juu yake palikuwa na yai moja la kuchemsha, limemenywa.

"Kula," akasema.

"Nini hiki?"

"Yai. Siku ile ulilitamani, au limekutoka moyoni?"

Fundi akainamisha kichwa. "Ulijua."

"Mume wangu, wewe ukisikia harufu ya yai kwa jirani unafunga dirisha. Leo unaniomba yai, unalibeba kwenda kazini, na jioni nalinusa ndani ya kopo la kazi. Mimi mikono ndiyo mizito. Kichwa hakina kasoro."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu wewe hukusema." Akavuta kiti, akakaa. "Jina lako likiharibika, kibanda kinafungwa, na tunakula kutoka humo. Langu lilishaharibika kitambo, nimezoea. Ila nilisema polepole. Hukuona? Nilisema polepole kabisa, neno moja moja. Nilidhani utanikatiza."

Hapo akanyanyuka, akaingia chumbani, akaurudisha mlango. Fundi akabaki na yai. Alijaribu kulimega akashindwa, likakaa pale mpaka likapoa, na alilia, naam, alilia mwanamume yule, na miwani yake ya uzi ikaingia ukungu.

Asubuhi akaenda kwa mama mkwe peke yake, kopo mkononi. Alimkuta amekaa vilevile, kibweta cha plastiki mezani mbele yake. Fundi hakukaa.

"Mama, mwanao hakuisugua. Niliisugua mimi, kwa kijiti, kulitoa lile doa. Halafu nikaifukiza kwa yai ndani ya kopo hili ili msijue. Yeye alinifichia tu."

Mama akamwonyesha kochi. "Kaa, mkwe wangu."

"Nitasimama, mama."

"Haya, simama. Mume wangu alipewa sarafu hii siku ya kustaafu. Wewe ulikuwa umeshamwoa binti yangu, tena siku hiyo hiyo ulikula humu ndani mpaka ukalegeza mkanda. Sasa angeisugua utotoni, utoto gani?"

Fundi akakodoa macho. Ilikuwa kweli. Alikuwepo. Ile sarafu ilipitishwa mkono kwa mkono, naye ndiye aliyewakemea watu waishike kwa ukingo.

"Dada yake hana akili ya kukumbuka, yeye anajua kucheka tu," mama akaendelea. "Mimi nilijua palepale kwamba mwanangu anasema uongo. Nikajiuliza, anamfichia nani? Ndiyo nikakugeukia wewe, nikakuuliza, huna neno? Nilikufungulia mlango, baba. Ukanipa pole."

"Nisamehe, mama."

"Doa lisilotoka ungeniambia halitoki. Ningekuchukia kwa lipi? Hata mimi usoni nina madoa, na watu wananisalimia." Akakisukuma kile kibweta mbali naye. "Na mimi pia nina kosa langu. Mtoto nimemwita Bomoa tangu hajajua kusimama. Ndiyo maana kubeba kosa kwake ni kama kuitikia salamu. Wapigie simu mkeo na dada yake, waje. Uongo huu waliusikia wakiwa hapa, na ukweli wausikie hapa hapa."

Walikuja. Wakati wanangoja, mawingu yalikuwa yamefunga, na sasa mvua ndogo ilikuwa imeanza uani. Dada mkubwa aliingia na utani wake tayari mdomoni, akamkuta shemeji yake amesimama katikati ya chumba kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Bomoa aliliona kopo mezani, akasimama palepale mlangoni.

Fundi akasema yote. Safari hii hakusema pengine wala labda. Alisema kijiti, alisema yai, alisema, "Na alipojitwisha kosa langu nilimsikia, nikanyamaza." Dada mkubwa akabaki na mdomo wazi. Bomoa alikuwa akimtazama mumewe, na hakujisumbua kuyafuta machozi.

"Basi," mama akasema. "Kuanzia leo Bomoa wa nyumba hii ni huyu bwana. Yule pale ni mwanangu."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku za mbele walikuja kulichekea jina hilo sana, na Fundi akawa anaitika. Mama akajivuta kitini, akanyoosha mkono kuutafuta mkongojo. Ilikuwa haja ya kawaida ya mwili, haingoji mazungumzo yaishe. Fundi akaruka, akamshika kiwiko.

"Mama, ua una utelezi, ngoja nikushike."

"Niache," mama akasema. Hakusema kwa ukali. "Nimezoea."

Neno hilo Fundi alikuwa amelisikia jana yake, mezani, mbele ya yai. Akabaki ameushika ule mkono, hajui auachie au la. Mkewe akaja, akamwondoa vidole taratibu, akampa mama yake bega.

"Wewe kaa," akamwambia.

Akakaa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akawaona mama na binti wakiteremka kwenye mvua kuelekea chooni, mmoja anatafuta pa kukanyaga, mwingine amemzungushia kiuno mkono wake mzito. Kisha mlango ukajirudi. Akabaki anasikiliza mkongojo ukigonga mawe ya ua, unagonga, unasimama, unagonga tena, mpaka ng'ambo.